Kekee ya Chuma Kutoka Gikomba

Mkono wangu wa kulia ulivunjika Jumanne moja asubuhi, kabla ya chai ya saa nne, giaboksi ya pikapu ilipoteleza kwenye jeki na kuniangukia kwenye kifundo cha mkono. Sikulia. Sisemi hivyo kujisifu. Wanaume watano walikuwa wamesimama pale wakinitazama, na kwa miaka saba nilikuwa nimejizuia kulia mbele yao kwa mambo makubwa kuliko mfupa mmoja.

Karakana yetu iko ukingoni mwa Shauri Moyo, upande wa kuelekea Gikomba. Ni uwanja wa udongo ulioloa oili, umezungushiwa mabati, na mbele kuna kijumba cha mbao tunachokiita ofisi. Mimi ndimi mwanamke pekee. Mwenye karakana ni mzee wa kutoka Murang'a, mtu wa kanisa, mwenye sauti ya chini, na wote tunamwita Mzee. Ndiye aliyenipokea nilipotoka chuo cha ufundi na cheti ambacho karakana nyingine tatu zilikataa hata kukisoma. Siku ile ya giaboksi alinipeleka hospitali mwenyewe, akakaa nami kwenye benchi mpaka jioni. Naanza na wema wake kwa sababu nitasema mengine.

Plasta ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga, lakini umeunga kwa upinde wake wenyewe. Niliweza kushika. Niliweza kuinua. Kilichonishinda ni kugeuza. Ufunguo wa mlango wa nyumbani ulinishinda, nikawa nafungua kwa mkono wa kushoto kama mwizi asiyejua nyumba.

Sasa, watu hudhani ufundi wa magari ni nguvu. Nguvu inahitajika mwanzoni tu, kuilegeza nati iliyong'ang'ania. Ikishalegea, kinachobaki ni kuizungusha, tena na tena, mara ishirini, mara thelathini, mpaka itoke. Kisha kuna ya pili, na ya tatu, na injini moja ina nati na bolti za kukufanya usahau jina lako. Siku nzima ya fundi ni kuzungusha vitu vilivyokwisha kulegea. Na kifundo changu hakikuzunguka.

Niliporudi kazini, Mzee aliniita ofisini.

"Binti yangu, utakaa hapa," akasema. "Kiti kipo, dirisha lipo. Utapokea wateja na kuandika kazi zao."

"Mzee, mimi ni fundi."

"Najua. Hata fundi hupumzika."

"Nimepumzika miezi mitatu."

Akautazama mkono wangu. "Huo mkono hauzunguki, mama. Nimekuona ukishindwa na kifuniko cha chupa."

"Nipe wiki mbili," nikamwambia. "Nikishindwa, nitakaa kwenye hicho kiti chako bila kusema neno."

Alinipa. Nafikiri alitaka nishindwe mwenyewe, ili asiwe yeye aliyeniambia.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilijaribu mkono wa kushoto, na spana zikaniponyoka hovyo. Nilijaribu racheti, ile spana inayokwenda mbele na kurudi kwa kukereza, lakini kila mrudio mmoja uliingia kifundoni kama sindano. Na jambo lililoniuma kuliko sindano lilikuwa bunduki ya upepo.

Ilikuwa mali ya fundi mwenzangu, mwanamume wa rika langu, mtu wa Machakos kama wazazi wangu, mcheshi, mwenye mikono mipana. Alikuwa ameinunua Eastleigh, nyekundu, mpya, ya kuunganishwa kwa mpira na kompresa ya upepo. Ukiibonyeza inapiga kelele trrrrr na nati inatoka kabla hujamaliza kupumua. Kila aliponiona nahangaika, alikuja akaniegemea begani.

"Siste, toka kidogo, nikumalizie."

Hakungoja jibu. Trrrrr, na kazi yangu imekwisha, nami nimesimama na racheti mkononi kama mgeni harusini. Angenicheka, ningejua la kumjibu. Kunisaidia bila kuombwa ndiko kulikonitoa moshi.

Nilikuwa ninaishi na baba yangu, katika nyumba zile za zamani za baraza la jiji, chumba na kibaraza. Baba ni mchongaji. Amechonga twiga na miiko ya mbao maisha yake yote, na ingawa macho sasa yamepungua, bado hukaa kibarazani akichonga vya kujiliwaza. Jumamosi ile nilimkuta akitoboa kipande cha mpingo kwa kekee. Kila aliyewahi kukaa na seremala anaijua kekee: chuma kilichopindwa katikati kama goti, juu kina kitako cha mbao cha kukandamiza, chini kina ncha ya kutobolea. Mkono mmoja unabonyeza kitako, mwingine unashika lile goti na kulizungusha.

Nimeitazama kekee ya baba tangu utotoni. Siku hiyo ndipo nilipouona mkono unaoizungusha. Kifundo hakikujipinda hata kidogo. Ngumi ilikuwa inachora duara hewani, na duara lote lilitoka begani.

"Baba, nipe nijaribu."

Akanipisha. Nikabonyeza kwa mkono wa kushoto, nikazungusha kwa wa kulia. Vumbi jeusi la mpingo likaanza kupanda kutoka kwenye tundu. Nikazungusha tena na tena, nikingoja ile sindano. Haikuja.

"Umeamua kuchonga twiga?" baba akauliza.

"Nataka kufungua injini na hii."

Akacheka, kisha akauona uso wangu, akaacha. Baba hakupata kuipenda kazi yangu. Alikuwa akisema grisi haitoki kwenye nguo za mwanamke. Lakini mkono uliovunjika wa mtoto wake aliuchukua akauweka juu ya goti lake, akaugusa pale ulipopinda. "Hii yangu ni ya kutobolea mbao," akasema. "Chuma kitaivunja. Tafuta ya kufungulia chuma. Lazima ipo. Si seremala peke yake anayezungusha."

Jumatatu, badala ya kula chakula cha mchana, nilikwenda Gikomba, kule kwenye vyuma vikuukuu. Sikujua jina lake, kwa hiyo nilichora kwenye kipande cha boksi: mpini juu, goti katikati, na chini kichwa cha mraba cha kuchomekea soketi, kile kikombe cha chuma kinachoivaa nati. Wauzaji waliugeuza mchoro wangu juu chini. Mmoja alinipa mpini wa kuinulia kitanda cha hospitali. Mwingine aliniambia nilichochora hakipo duniani. Nikarudi Jumanne. Nikarudi Jumatano.

Siku ya nne nilikiona chombo changu kikining'inia kwenye kibanda cha mzee mmoja, kimetundikiwa birika la chai.

"Hicho kinauzwa?"

"Birika au ndoano?"

"Ndoano."

Mwenye kibanda alikiteremsha, akakipangusa kwa shati. Aliamini kilikuwa cha kuwashia injini za zamani. Mng'aro wake ulikuwa umeliwa na kutu hapa na pale, lakini kitako kilizunguka chenyewe, na soketi yangu ya namba kumi iliingia kwenye kichwa chake ikalia tik. Tulipatana haraka. Nilimwachia msumari mkubwa wa kutundikia birika lake.

Nilikiita kekee, na jina hilo likashika. Nilijifunza upesi tabia zake. Hakina nguvu za kulegeza nati iliyoshika, ukikilazimisha, kinakupindukia. Kwanza unailegeza kwa chuma kirefu, na kwa hilo uzito wa mwili unatosha, hauhitaji kifundo. Nati ikishakubali, unachomeka kekee, unabonyeza juu, unazungusha, na bolti inapanda kama maji kisimani. Mwanzoni nilikuwa mzito. Kufikia Ijumaa jioni nilikuwa nafungua kifuniko cha injini bila kupumzika.

"Siste anasaga unga!" fundi wa kuchomelea akapiga kelele.

"Leo tutakula ugali mkubwa," akaongeza mwenye bunduki.

"Nitasaga mpaka mshibe," nikawaambia, na sikuinua kichwa.

Wiki mbili zikapita. Mzee hakulitaja tena suala la kiti, nami sikulitaja. Tukaliacha lijifie.

Sasa nifike kwenye basi dogo.

Lilikuwa la mama mmoja wa Majengo, kule Pumwani, mjane aliyekuwa akipeleka wanafunzi shuleni na kuwarudisha, akiendesha mwenyewe ndani ya buibui yake. Lilikuwa linavuja oili chini, kwenye sampu, lile bakuli linalokusanya oili chini ya injini. Kazi ilikuwa kubadili gasketi, ule utando unaoziba maungio, na kurudisha bolti kumi na nane. Injini ile ni ya aluminiamu, chuma laini, kisichosamehe. Bolti ikiingia upande, inaula uzi, ile michirizi ya ndani ya tundu ambayo bolti huishika, na uzi ukishaliwa bolti itazunguka milele bila kukaza. Ndiyo sababu kila bolti huanzishwa kwa vidole. Ikikubali vidole, basi kekee. Mwisho kabisa, spana ya kupimia nguvu.

Nilikuwa nimeingiza kumi. Nane zilikuwa bado kwenye mkebe. Mzee akaniita langoni, kulikuwa na gari linalogonga ndani na alitaka nisikilize. Tukiwa pale, kichwa changu kikiwa ndani ya boneti ya mtu mwingine, nikasikia nyuma yetu: trrrrr. Trrrrr. Mzee naye akasikia, maana aligeuza shingo.

Niliporudi, basi lilikuwa limeshashuka kwenye jeki na mama yuko kwenye usukani, anawahi watoto. Mwenye bunduki alikuwa anajifuta mikono.

"Nimekumalizia, siste."

"Ulizianzisha kwa vidole?"

"Zimeingia zote. Wacha wasiwasi."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sijawahi kulikana. Ningesimama mbele ya basi. Ningelala chini tena nikagusa kila bolti. Mama alipiga honi ya kuaga, nikampisha.

Siku ya tatu alirudi akiacha mstari mweusi barabarani nyuma yake. Tuliliinua basi. Bolti moja ya nyuma haikuwepo, na ya pembeni yake ilizunguka kwa kidole kama kifuniko cha kalamu. Matundu mawili yalikuwa yameliwa uzi.

"Nani aliifunga hii?" Mzee akauliza.

Mwenye bunduki akasema, macho yakiwa chini, "Si siste ndiye alipewa hiyo kazi?"

Wote waliutazama mkono wangu wa kulia, na mkono wangu ukawa umeshahukumiwa.

Mzee akanivuta kando, nyuma ya kompresa.

"Mwambie mama pole," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Tutamrekebishia bure. Mambo yaishe."

"Mzee, unajua nani alifunga zile bolti."

Akaugusa mpira wa kompresa.

"Tulikuwa wote langoni. Uliisikia bunduki."

"Niliisikia."

"Basi?"

Akakuna kidevu. "Yule ana watoto wanne na mdomo mkubwa. Nikimgusa leo, kesho karakana nzima ni matanga. Wewe una busara, binti yangu. Nakuomba busara."

Nimeombwa busara mara nyingi maishani. Niliombwa shuleni, niliombwa chuoni wakati vifaa vyangu vilipofichwa, na kila mara kilichoombwa kilikuwa mgongo wangu tu, ili mtu mwingine apandishe mzigo wake. Niliitazama oili ikidondoka chini ya basi.

"Busara ninayo, Mzee," nikasema. "Lakini hii unayoniomba si busara. Unaniomba niseme mkono wangu ni mbovu mbele ya mteja. Sisemi."

Nikatoka nyuma ya kompresa, nikaenda moja kwa moja kwa yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Basi lako linavuja kwa sababu bolti nane ziliingizwa kwa mashine, bila kuanzishwa kwa vidole. Mbili zimeharibu matundu. Kosa langu mimi ni moja: nilikuacha uondoke kabla ya kukagua. Kwa hilo naomba radhi, tena sana, maana unabeba watoto. Lile lingine silibebi. Halikufanywa na mkono huu."

Nikauinua, na upinde wake wote.

"Lilifanywa na nani?" mama akauliza.

"Akipenda atajisema. Mimi nasema si mimi."

"Siste!" mwenye bunduki akafoka. "Unanianika mbele ya mteja?"

"Sijakutaja," nikamwambia.

Fundi wa kuchomelea aliangua kicheko, akakimeza nusu. Mwenye bunduki akaenda kujishughulisha na gurudumu lisilohitaji kazi.

Mama hakucheka. Alinitazama, akautazama mkono, akaitazama kekee juu ya meza.

"Nani atalitengeneza?"

"Mimi."

"Kwa mkono huo?"

"Kwa mkono huu."

Akavuta tairi kuukuu, akakusanya buibui yake, akaketi. "Haya. Nitakaa hapa nitazame."

Sijawahi kutazamwa namna ile. Nilitoa sampu yote, nikasafisha, nikachukua chombo cha kuchonga uzi mpya, mkubwa kidogo kuliko ule ulioliwa, na bolti mbili nene za kuuvaa. Hiyo ni kazi ya polepole: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, unavunja mabaki, unatia oili, unaendelea. Niliifanya zaidi kwa mkono wa kushoto, na jasho likanichuruzika mpaka kwenye midomo. Kisha nikarudisha gasketi na sampu, nikaanzisha bolti kumi na nane kwa vidole, moja moja, nikiwa nimelala chali. Nikashika kekee.

Bolti ya saba ilikwenda mizunguko miwili, kisha nikahisi uzito kidogo, kama mtu aliyekaza mlango kwa ndani. Nikasimama. Nikaitoa.

Mama aliinama mpaka uso wake ukaonekana chini ya basi. "Mbona unaitoa?"

"Haijakaa vizuri. Kuna uchafu."

"Umeonaje?"

"Sijaona. Nimeihisi hapa." Nikamwonyesha kiganja.

Nilipangusa punje ya aluminiamu isiyozidi chembe ya chumvi, nikaanza upya kwa vidole, na safari hii ikapanda. Bunduki isingejua. Bunduki ingeendelea tu kupiga kelele, na tundu la tatu lingekwisha.

Tukawasha injini. Tukangoja robo saa, mimi, mama na Mzee, tumeinama wote watatu kama watu wanaotafuta sindano. Halikudondoka tone.

Mama alipoondoka, Mzee aliniambia bila kunitazama, "Umenivua nguo katika karakana yangu."

"Nilikuomba, Mzee. Uliisikia bunduki ukanyamaza."

Wiki nzima hakusema nami ila maneno ya kazi: leta, peleka, funga. Nilijua ninafukuzwa. Nilisafisha spana zangu zote, nikazifunga kwenye kitambaa, tayari. Baba akaniuliza kwa nini nimerudi na mzigo wa vyuma, nikamwambia nimefanya jambo ambalo ningelifanya tena kesho. Akasema, "Basi lala." Kila asubuhi nilirudi na kitambaa changu kwapani. Kama wangenitoa, wangenitoa kwa kinywa chao. Mimi sikuwa naenda kujifukuza.

Jumatatu iliyofuata Mzee alisimama katikati ya uwanja kugawa kazi. Alipofika kwangu akasema, "Wewe, lori la mchanga. Injini yote." Kisha, kwa wote, kwa sauti ambayo sijamsikia akiitumia hata kanisani: "Na kuanzia leo, injini ni vidole kwanza. Bunduki ni ya magurudumu. Asiyetaka, lango ni lile."

Hakuniomba radhi, wala sikuona atawahi. Lakini nilijua ni nani aliyekuwa anaambiwa, na ni nani aliyekuwa anajibiwa.

Mwenye bunduki alichukua mwezi mzima kabla ya kulisema. Tulikuwa kwenye kibanda cha chakula, maharagwe na chapati mbele yetu, akaanza kuongea na sahani yake.

"Nilidhani Mzee atanifukuza."

"Ukaona bora anifukuze mimi."

"Hapana. Wewe asingeweza kukufukuza. Ulivunjikia kazini. Watu wangemsema."

Nikaacha kutafuna. "Kwa hiyo ulinichagua kwa sababu ya mkono."

Alifikiri uongo, nikamwona akiufikiri, kisha akauacha. "Eeh," akasema. "Pole."

"Nimesikia."

Sikumwambia si kitu, maana kilikuwa kitu. Tulimaliza kula. Tangu siku hiyo, akitaka kunisaidia huuliza kwanza, na mara nyingine nasema ndiyo.

Kifundo hakijapona na hakitapona. Mwezi wa saba, baridi ya Nairobi inapoingia mifupani, nafanya kazi nimekivisha soksi iliyokatwa ncha. Kazi ni nyingi. Yule mama wa Majengo alinisifia kwa madereva wenzake, na mabasi ya shule yamekuwa yangu. Si wote wanaopenda. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa duka la jumla kule Eastleigh, gari zuri, kifuniko cha injini kinavuja. Alishuka, akakuta nimeshafungua boneti.

"Namtaka fundi mwenyewe," akasema.

"Ndiye mimi."

Akautazama mkono wenye soksi. "Hakuna mwanamume?"

Mzee alikuwa mlangoni mwa ofisi. Mwenye bunduki alikuwa karibu kuliko yeye. Hakuna aliyesogea, na sikutaka wasogee.

"Wapo wengi," nikamwambia, "kando ya barabara hii yote, mpaka Gikomba. Karakana inayofuata ni hatua mia. Nikufungie boneti?"

Alifunga boneti mwenyewe, akaingia kwenye gari, akaenda. Sijamwona tena. Nilivuta kitoroli cha kulalia, nikarudi chini ya basi nililoliacha, ambalo nilikuwa nimelibakizia bolti sita.